Urari wa maji na ardhi ya kilimo ni nini? Mfano wa Bonde la Usangu

Urari wa maji na ardhi ya kilimo ni hesabu inayoonyesha eneo kavu linaweza kulimwa hekta ngapi kwa maji yaliyopo, bila kumkausha aliye chini ya mto. Upande mmoja unaweka maji ya mvua, mito, chemchemi na visima. Kabla ya kugawa chochote unatoa ya kunywa watu na mifugo, kisha unatoa yale ambayo lazima yaendelee kutiririka mtoni. Yanayobaki ni ya mashamba. Upande wa pili unaweka hekta, unazidisha kwa maji yanayohitajiwa na zao. Hekta zikizidi maji, shamba la juu linaweza lisione tatizo lolote. Upungufu unahamia kwa jirani wa chini.

Kwenye karatasi hesabu yenyewe ni rahisi. Tuchukue mpunga. Jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta, likijaa maji wakati wa jua kali linahitaji kama milimita 10 kwa siku, kwa kuwa mengine yanavukizwa, mengine yananyonywa na mmea na mengine yanazama ardhini. Milimita 10 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 100. Mto unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde unatoa mita za ujazo 86,400 kwa siku. Gawanya: hekta 864, basi, na hapo mto umemalizwa wote. Nusu ya maji ikipotelea njiani kwenye mifereji, mto huohuo unatosha hekta 432.

Ugumu unaanza pale unapouliza maji yapo lini na yapo wapi, na hapo Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya, linafundisha kuliko mahali pengi. Tambarare ya Usangu inapata mvua ya milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, katika msimu mmoja, huku jua likiwa na uwezo wa kuvukiza karibu mara tatu ya hapo. Maji ya kweli yananyesha juu, kwenye safu za Uporoto na Kipengere, ambako mvua inaweza kupita milimita 1,500. Huteremka kwa mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha Mkuu wenyewe, huku Ndembera ukija kutoka upande wa Iringa. Kwa hiyo ardhi nzuri iko chini, mvua iko juu, na kila mto unapofika tambarareni unakuta mabanio, yaani vizuizi vinavyoelekeza maji kwenye mifereji, yanausubiri.

Kilimo cha umwagiliaji hapa si cha jana. Wabaluchi waliohamia Rujewa enzi za ukoloni walikuwa miongoni mwa waliokianzisha, na Wasangu na wageni wengine wakakipanua. Baadaye yakaja mashamba makubwa: Mbarali miaka ya 1970, Kapunga na Madibira miaka ya 1990, kila moja likiwa na hekta 3,000 hivi. Pembeni mwao wakulima wadogo wakaendelea kuchimba mifereji yao, na leo wao ndio wenye sehemu kubwa ya mpunga.

Chini ya mashamba kuna Ihefu, ardhioevu inayopokea maji yote yaliyosalia. Ihefu ni kama karai lenye mdomo wa mwamba upande mmoja, mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha Mkuu unaendelea na safari kupita Hifadhi ya Taifa Ruaha hadi Mtera, bwawa la kuzalisha umeme. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kimo kidogo, mto unakatika. Ihefu inaweza kubaki na maji na samaki, lakini hifadhini hapiti hata tone. Tangu 1993 imekuwa hivyo karibu kila kiangazi, kwa wiki kadhaa mpaka miezi, na viboko wanabaki wakibanana kwenye madimbwi.

Hapo ndipo lawama zilipoanza kutafuta mtu. Umeme ukikatika, mpunga wa Usangu ulitajwa. Ng'ombe nao walitajwa, na mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa na mifugo yao, wengine wakapelekwa hadi Lindi. Mwaka 2008 Tangazo la Serikali Namba 28 likaiingiza Ihefu ndani ya hifadhi, na mgogoro wa mipaka uliozaliwa hapo bado unazungumzwa Mbarali. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka huo ulipita na mto ukaendelea kukauka.

Watafiti waliopima mabanio na mito kwa miaka walikuta jambo ambalo hesabu ya jumla haionyeshi. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha Oktoba. Mpunga wa masika unakunywa maji mengi sana, lakini unayanywa wakati yapo. Mto unakatwa na maji machache yanayochukuliwa kiangazi, wakati mito yote imeshuka na kila lita inahesabika pale mwambani. Ukijumlisha mwaka mzima, Usangu inaonekana ina urari. Ukipiga hesabu ya mwezi wa Oktoba peke yake, haina.

Nenda kwenye banio mwezi huo uone. Mpunga umeshavunwa, majaruba yana mabua tu, na bado mfereji unatiririka. Si uzembe mtupu. Mwisho wa mfereji kuna kijiji kinachochota maji ya kupikia, kuna anayefyatua matofali, kuna bustani za mboga. Sasa piga hesabu. Kijiji cha watu 3,000, kila mtu lita 25 kwa siku, kinahitaji mita za ujazo 75. Hiyo haifiki hata lita moja kwa sekunde. Lakini ili lita hiyo moja ifike kilomita kadhaa kwenye mfereji wa udongo, banioni zitachukuliwa lita 50 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 4,320 kwa siku, na karibu zote zitazama au kuvukizwa zikilowesha magugu. Binafsi naona kisima kirefu kwenye kijiji cha namna hii kinaurudishia mto maji mengi kuliko semina kumi za kuwahimiza wakulima wabane matumizi. Kikichimbwa, banio linaweza kufungwa kiangazi bila mtu kulala na kiu.

Jambo la pili linashangaza wengi: kuboresha banio kunaweza kuharibu urari. Banio la zamani lilikuwa la mawe, miti na nyasi. Lilivuja, na mafuriko yalilibomoa kila mwaka, kwa hiyo siku zote kuna maji yaliyopenya kwenda chini. Banio la zege lenye lango la chuma halivuji. Likijengwa kwa lengo la kupunguza upotevu, kiangazi linaweza kuchukua mto karibu wote, na aliye na banio la mawe huko chini akabaki na mchanga.

Halafu kuna kibali cha kutumia maji, ambacho hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Hapa ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Kibali kinachotaja lita kadhaa kwa sekunde kinafaa mto usiobadilika, na mito ya Usangu hubadilika mno kati ya Machi na Oktoba. Mwenye kibali cha lita 200 mto ukibaki na lita 150, kwenye karatasi anaruhusiwa kuchukua zaidi ya kilichopo. Afadhali mgawo wa sehemu: huyu theluthi, yule robo, na sehemu fulani ya mto isiguswe na yeyote, hata ikibaki ndogo namna gani. Mifereji mingi ya wakulima wadogo imezoea kugawa kwa zamu, kwa hiyo wazo hilo haliwi geni kwao.

Vipi kuhusu kubana maji shambani? Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho jaruba hulowanishwa na kuachwa likauke kidogo badala ya kujazwa muda wote, kinapunguza maji kweli. Ila tuulize maji yaliyookolewa yanakwenda wapi. Sehemu ya yale yaliyokuwa "yakipotea" kwenye jaruba la juu yalikuwa yakiingia jaruba la chini, au yakirudi mtoni kwa mtaro. Na mkulima akiokoa maji ya hekta moja huku jirani yupo anayesubiri kufungua hekta nyingine, ataifungua. Ndiyo maana sharti la urari ni kikomo cha hekta, hasa hekta za kiangazi. Bila kikomo, kila tone linalookolewa lina shamba jipya linaloliita.

Kwa miaka mingi limekuwepo pia wazo la kujenga bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera. Bwawa haliongezi mvua. Linahamisha maji ya Machi yakatumike Oktoba, na Oktoba ndiyo inayopungukiwa. Kitakachoamua faida yake ni kanuni ya lango: kiasi gani kifunguliwe kila siku ya kiangazi ili maji yafike Ihefu na kupita mwamba wa Ng'iriama kabla mfereji wowote haujafunguliwa. Kanuni hiyo isipoandikwa mapema, na mabanio yote kati ya bwawa na Ihefu yasipowekewa kipimo, maji ya Lugoda yatamwagilia hekta mpya za Madibira na kuishia hapo.