Poromoko la mfululizo ni nini?

Jengo likipata poromoko la mfululizo, maana yake kilichoharibika mwanzoni kilikuwa kidogo, lakini kilichoanguka kikawa kikubwa kupita kiasi. Nguzo moja au ukuta mmoja unaondoka, mzigo wake unahamia kwa jirani asiyeuweza, naye anaanguka na kumtwisha anayefuata. Wahandisi hawashangai nguzo ikivunjika kwa kugongwa na lori. Wanachokataa ni nguzo hiyo moja kuondoka na nyumba za familia ishirini.

Dhana hii ilipata uzito wake mashariki mwa London, alfajiri ya Mei 16, 1968. Mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point aliwasha jiko achemshe chai, na gesi iliyokuwa imevuja ikalipuka. Mlipuko ulisukuma nje kuta za zege za kona ya nyumba yake. Kuta hizo ndizo zilizobeba kona za ghorofa nne za juu. Zilipotoka, kona hizo zikaanguka, na kishindo chake kikavunja slabu (sakafu za zege) za chini moja baada ya nyingine, hadi kona ya jengo lote la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walikufa na 17 wakajeruhiwa. Jengo lilikuwa na miezi miwili tu tangu likabidhiwe.

Chanzo cha gesi kilipatikana: nati ya kuunganishia mpira wa jiko, hafifu kuliko ilivyotakiwa, ilikuwa imevunjika. Uchunguzi ungeweza kuishia hapo, na lawama zikabaki kwa nati. Bahati nzuri wachunguzi waliuliza pia mlipuko wenyewe ulikuwa na nguvu kiasi gani. Jibu moja lilitoka kwa mpangaji, aliyenusurika: viwambo vya masikio yake vilikuwa vizima. Maana yake shinikizo halikufika hata tani 7 kwa kila mita ya mraba. Majaribio yakaonyesha kwamba ukuta ule ungeweza kusukumwa nje kwa tani 2 hivi tu. Paneli za zege zilikuwa zimetengenezwa kiwandani na kupangwa juu kwa juu, na kilichozishikilia zaidi ni uzito wa ghorofa zilizo juu yake. Kadiri unavyopanda ndivyo uzito huo unavyopungua, kwa hiyo kuta za juu ndizo zilizokuwa rahisi kutoka. Jengo lilipobomolewa mwaka 1986, kipande kwa kipande ili lichunguzwe, baadhi ya maungio yalikutwa yamejazwa magazeti mahali palipotakiwa saruji. Mtu aliyefanya hivyo alijua hakuna atakayeona.

Baada ya hapo Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi mwaka 1970, kwa majengo ya ghorofa tano na zaidi. Mhandisi alitakiwa kuondoa kiungo kimoja kimoja, yaani nguzo, boriti au kipande cha ukuta, kwenye hesabu zake, kisha aonyeshe kwamba jengo linabaki limesimama, pengine limepinda na kupasuka, ila watu wanapata nafasi ya kutoka. Kiungo ambacho hakiwezekani kuondolewa kiimarishwe kihimili takriban tani 3.4 kwa mita ya mraba.

Sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote ni nondo, kwa sababu haiongezi gharama kubwa na inaharibika kwa uzembe mdogo. Chukua boriti inayopita juu ya nguzo ya katikati. Siku zote, pale juu ya nguzo, upande wa juu wa boriti ndio unaovutika, kwa hiyo nondo nene huwekwa juu. Zile za chini mara nyingi hukatwa zikifika kwenye nguzo, kwani kwa hesabu ya kawaida hazina kazi pale. Sasa nguzo ikiondoka, mambo yanageuka: upande wa chini ndio unaovutika, na nondo zilizokatwa zinachomoka kwenye zege. Zikiwa zimepitishwa moja kwa moja na kuunganishwa vizuri, boriti inalegea na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, lakini haidondoki. Fundi anayefunga nondo anapaswa kuelezwa sababu hiyo, si kupewa mchoro tu.

Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, bomu la lori lilivunja nguzo za mbele za jengo la serikali. Boriti kubwa ya ghorofa ya tatu ilikuwa imebeba nguzo za juu, ikaanguka nazo. Watu 168 walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na jengo kuliko kwa mlipuko wenyewe.

Kwetu, hata hivyo, tusiitaje dhana hii kwa kila jengo linaloanguka. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, bila bomu wala gesi. Zege likiwa hafifu kila mahali, au ghorofa zikiongezwa juu ya msingi usiozihesabu, hakuna jirani mwenye nguvu ya ziada ya kupokea mzigo. Ndiyo maana mkaguzi wa jengo la namna hiyo huanza kwa kutoboa nguzo na slabu, akachukua vipande vya zege kwenda kuvipima maabara, na kulinganisha idadi ya ghorofa na michoro iliyopewa kibali. Swali la nguzo kuondoka linafuata baadaye, nguzo zenyewe zikishathibitika kuwa zinabeba mzigo wa kila siku.