Katoka na nguo alizovaa: tunayoyaamini vibaya kuhusu kumsaidia mwanamke aliyekimbia vipigo

Haya ni ya Tanzania Bara, na ni yale yanayosikika zaidi mwanamke anapofika kwa ndugu usiku, mtoto mgongoni.

“Akishatoka, yamekwisha.”

Hapana. Siku na wiki za mwanzo baada ya kuondoka ndizo za hatari kubwa, kwa sababu mpigaji anaona mamlaka yake yanamponyoka. Usimuulize tu atalala wapi. Muulize pia ni nani mwingine anayepajua hapo. Mara nyingi simu ndiyo inayomfichua. Abadilishe namba ya siri ya simu na ya M-Pesa, azime kuonyesha mahali alipo, kisha kwenye WhatsApp afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na aondoe asichokitambua. Kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume, asajili nyingine kwa kitambulisho chake cha taifa, NIDA. Aliyeisajili anaweza kwenda dukani akadai laini imepotea, akapewa mpya, na pesa na ujumbe wote vikaingia kwake.

“Bila PF3 hospitali hawamtibu.”

Kwenye dharura mgonjwa anatibiwa kwanza, PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka aliyejeruhiwa kwa daktari, inafuata. Penye kituo cha mkono kwa mkono ndipo pazuri zaidi, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Pasipokuwepo, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama amebakwa, hata na mume wake, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zimezwe siku 28. Aliyekabwa shingo apelekwe hospitali hata kama haonekani na alama. Sauti kukwaruza au kumeza kwa shida si jambo la kulala nalo.

Fomu yenyewe huharibika kwa jambo dogo: mume anaingia naye kwa daktari, mke anasema “nilianguka”, daktari anaandika hivyo. Aingie peke yake au na mtu anayemwamini, ataje aliyempiga na kwa kitu gani. PF3 itolewe nakala kabla ya kurudishwa polisi, na majeraha yapigwe picha siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe haungoji.

“Baraza likisema rudi, lazima arudi.”

Baraza la usuluhishi wa ndoa linasuluhisha tu. Halina uwezo wa kumrudisha mtu kwa nguvu. Likishindwa linatoa cheti, na cheti hicho ndicho kinachofungua njia ya kudai talaka mahakamani. Akidai hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, si utovu wa adabu. Sheria inaruhusu pia kwenda mahakamani moja kwa moja pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya kupita barazani kusiwezekane. Na wazee wanaosema mume ana haki ya “kumfundisha” mkewe wasomewe kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenzi mwenye haki ya kumchapa mwenzake.

“Irudishwe mahari kwanza.”

Si sharti la mahakama kutoa talaka.

“Hakuwa na kazi, nyumba ina jina la mume, basi hana chake.”

Hapa ndipo wanawake wengi wanapoachia jasho lao, na inauma. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kinachobaki ni ushahidi: picha za hati na mikataba ya mauziano, risiti za mabati na saruji, jina la fundi aliyejenga, jirani aliyemwona akichota maji ya ujenzi. Hata bila cheti cha ndoa, walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuhesabika kama mume na mke wanaweza kudhaniwa kisheria kuwa walioana. Wasaidizi wa kisheria wapo, na huduma yao ni bure.

“Mpe mtaji, atasimama.”

Mtaji wa wiki ya kwanza unaliwa na kodi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na bado hana godoro wala jiko. Lipeni kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mkataba uwe na jina lake, watoto wahamishiwe shule, afisa ustawi wa jamii aanze kufuatilia matunzo. Akishapata usingizi ndipo lije genge au cherehani, nusu ya pesa kwanza, nyingine akishajua wateja wake. Mikopo ya halmashauri haina riba, lakini ni ya kikundi: mmoja akishindwa kurejesha, mzigo unawaangukia wote. Kwa aliyetoka juzi, hisa ndogo za VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni salama zaidi.

“Amerudi kwa mume, tumwache.”

Wengi huondoka zaidi ya mara moja, wanarudi kwa ajili ya watoto, kodi, au ahadi. Usimfungie mlango. Mtunzie bahasha kwako: nakala ya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nakala ya PF3, nauli. Mkubaliane neno moja la kawaida, kama “nina chumvi ya kukuazima”, ambalo akilituma unajua unampigia polisi 112.