Faili la kazi zako liko wapi?

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Jumatatu asubuhi alikuja kwangu mama mmoja anayepika kwenye shughuli hapa Morogoro, harusi kwa misiba. Amebadilisha simu, na ile laini ya pili aliyokuwa hana matumizi nayo ilishafungwa siku nyingi. Bahati mbaya programu yake ya kuorodhesha kazi ilikuwa imesajiliwa kwa laini hiyohiyo. Alipoifungua kwenye simu mpya, ikamtaka namba ya uthibitisho, na namba ikatumwa kwenye laini ambayo hana tena. Oda za miezi miwili mbele, nani kalipa nusu, nani anataka pilau ya ng'ombe na nani ya kuku, vyote havifikiki. Akaniuliza swali ambalo mwezi huu limenifikia mara ya nne: "Sasa mwanangu, si niliipakua humuhumu kwenye simu? Si ilikuwa kwangu?"

Hapana mama. Haikuwa kwako, na aliyekushauri uiweke hakukwambia.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyaeleza nikiwa nimeshika simu ya mtu ambaye tayari kapoteza. Kusakinisha programu na kuwa na data zako ni mambo mawili. Kile kialama kwenye kioo cha simu kinaonyesha kwamba programu ipo. Hakisemi lolote kuhusu orodha yako inalala wapi, na nani anaweza kuifunga.

Kwanza nimalizane na neno "bure". Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo Kiingereza kinalazimika kuyabana kwenye neno moja, "free". Bure ni bila malipo. Huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi na leseni inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Waliofuatilia mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotuletea Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wanalifahamu neno hilo. Lakini hata huria haijibu swali la yule mama. Obsidian, programu ya kuandika kumbukumbu, ni bure na si huria, ila maandishi yako yanakaa kwenye folda uliyoichagua mwenyewe, kama mafaili ya kawaida ambayo hata Notepad inayafungua. Vikunja, programu ya orodha za kazi, ni huria kabisa, ila ni programu ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data: ukitumia seva ya mtu mwingine, orodha iko kwa huyo mtu. Kwa hiyo yapo maswali matatu, nalipa kiasi gani, leseni ni ipi, faili liko wapi, na jibu la moja halikupi jibu la jingine. Watu huuliza la kwanza tu wakaondoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: kipimo cha kuzima mtandao.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya shida Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Tangu hapo ushauri umeenea kila mahali: weka simu kwenye hali ya ndege, fungua programu, ikifanya kazi basi ni ya kwako. Nimeambiwa hivyo na wateja, na nimeambiwa hivyo na mafundi wenzangu ambao ningetegemea wajue zaidi.

Kipimo hicho kinapima kitu kingine. Karibu kila programu ya wingu, ile inayoweka data kwenye seva ya kampuni, ikiwa imetengenezwa vizuri hutunza nakala ya muda kwenye kifaa ili usikwame ukiwa kwenye basi. Unaongeza kazi, unaweka alama ya kumaliza, unapanga upya, yote bila bando. Mtandao ukirudi, inapeleka mabadiliko kwenye seva. Lakini nakala yenye neno la mwisho ni ile ya seva, na hii ya kwako ni kivuli chake. Ukitoka kwenye akaunti, mara nyingi programu inafuta kivuli hicho, na ni sahihi ifanye hivyo, maana simu inaweza kuwa imeuzwa. Akaunti ikifungwa, au kampuni ikibadili masharti, kivuli hakikusaidii. Mwishoni mwa 2023 Evernote, programu ya kuandika kumbukumbu, iliwabana watumiaji wa bure kwenye daftari moja na maandishi 50. Walioelewa mapema data zao ziko wapi walihamisha kwa utulivu.

Yule mama angefaulu kipimo cha ndege kila siku kwa miaka miwili.

Kipimo changu ni kirefu kidogo. Litafute faili lenye kazi zako ulione kwa macho, lina jina na ukubwa. Linakili kwenye flashi. Lipeleke kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuona akaunti yako, zima mtandao, kisha lifungue. Ukisoma kazi zako pale, ni zako. Ukikwama hatua yoyote, siyo, hata kama tovuti yao imeandika neno "faragha" mara kumi.

Na kuna mtego ndani ya mtego, zile orodha zinazofanya kazi ndani ya kivinjari na kudai kwamba "data haitoki kwenye kifaa chako". Ni kweli haitoki. Lakini inakaa kwenye hifadhi ya kivinjari, na siku ndugu yako akija "kusafisha" historia kompyuta iwe nyepesi, inaondoka nayo. Safari, tangu 2020, hufuta yenyewe hifadhi ya tovuti ukipitisha siku 7 za kukitumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Data ilikuwa kwako kweli, na ikafutwa ikiwa kwako.

Simu za Android nazo zina lao. Programu inaweza kuwa ya ndani kabisa, haina akaunti wala seva, lakini data zake zinakaa kwenye eneo la siri la mfumo ambalo wewe huwezi kulifungua bila kuivunja simu ulinzi wake. Ukiifuta programu, eneo hilo linafutwa nayo. Kwa hiyo kwenye simu sikubali programu yoyote ambayo haina njia ya kutoa nakala rudufu kwenda kwenye folda ninayoiona.

Ndiyo maana kwenye Android naweka Tasks, ile ya Tasks.org. Ipo F-Droid, duka la programu huria, unaweza kuitumia bila akaunti yoyote, na huandika yenyewe nakala rudufu ya JSON, aina ya faili la maandishi. Ingia kwenye mipangilio uielekeze kwenye folda uliyoichagua mwenyewe, iliyo nje ya folda ya programu, la sivyo ukiifuta programu nakala zinafutwa pamoja nayo. Hatua hiyo moja watu huiruka, halafu wananitafuta.

Historia ya programu hii ndiyo hoja bora ya uhuria ninayoijua. Kulikuwa na programu ya orodha za kazi iliyoitwa Astrid. Yahoo wakainunua Mei 2013, na kufika Agosti mwaka uleule wameizima. Lakini msimbo wake wa Android ulikuwa huria, ukachukuliwa na ukaendelezwa, na huo ndio uliozaa Tasks ninayoiweka leo. Linganisha na Wunderlist ya Berlin, nayo ya orodha za kazi: Microsoft waliinunua 2015, wakaizima tarehe 6 Mei 2020. Watumiaji walipewa njia ya kuhamia To Do ya Microsoft, hilo niliseme kwa haki, lakini mtu aliyeipenda Wunderlist kama ilivyokuwa hakuwa na pa kuipata tena.

Kwenye kompyuta nina ushauri wa watu wa aina mbili.

Kwa asiyetaka kujifunza chochote, Super Productivity. Ni huria, inakubali Windows, Linux na Mac, haihitaji akaunti, inapima na muda uliotumia kwa kila kazi. Kasoro yake ni kwamba data hukaa kwenye hifadhi ya ndani inayofanana na ya kivinjari, si kwenye faili la kusomeka. Hutunza nakala rudufu za JSON pembeni, na hizo ndizo za kunakili kwenye flashi.

Kwa aliye tayari kujifunza kidogo, todo.txt. Huu ni utaratibu wa kuandika zaidi ya kuwa programu, aliuanzisha Gina Trapani mwaka 2006: kazi moja, mstari mmoja, ndani ya faili la maandishi matupu. Hivi:

(A) Kumpigia muuza kuku +harusi @simu due:2025-08-14

Herufi ya kwanza ni uzito wa kazi, alama ya kujumlisha ni mradi, @ ni mahali au chombo, due: ni tarehe ya mwisho. Ukimaliza unaweka x mwanzoni. Kwisha. Ziko programu nyingi zinazosoma faili hilo, na zote zikifa leo bado unalisoma kwa jicho. Org-mode ya Emacs, kihariri cha maandishi cha mafundi, iliyoanzishwa 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Amsterdam, inafanya makubwa kuliko haya yote, na siwezi kumshauri mpishi ajifunze Emacs.

Taskwarrior, orodha ya kazi inayoendeshwa kwa kuandika amri, naitumia mwenyewe, na hapo nina mgogoro ambao sijaumaliza. Hadi matoleo ya 2 iliandika kazi kwenye mafaili ya maandishi. Toleo la 3, lililotoka 2024, likahamia SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, na aliyesasisha bila kutoa data zake kwanza alikuta orodha tupu. Mafaili ya zamani yalikuwa bado yapo, lakini huo mshtuko haukuwa mdogo. Wanasema SQLite ni imara zaidi umeme ukikatika katikati ya kuandika, na ni kweli. Ni muundo ulio wazi, na hilo pia ni kweli. Ila siwezi tena kulifungua faili langu kwa kihariri cha maandishi nikaona kazi zangu. Amri ya "task export" inanipa JSON, kwa hiyo kwa kipimo changu mwenyewe inafaulu. Nafsi yangu haijaridhika, na sina hoja ya kiufundi ya kuitetea nafsi yangu.

Kuhusu kutumia orodha moja kwenye simu na kompyuta: Syncthing husawazisha folda kati ya vifaa vyako bila seva ya mtu, na kwa faili la todo.txt inatosha. Programu yake rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, wengi wamehamia kwenye toleo lililotawi kutoka humo. Ukihariri pande mbili kabla hazijakutana, utakuta faili la pili lenye maneno "sync-conflict" kwenye jina, na ni wewe utakayeamua lipi ni sahihi. Wengi hulifuta bila kulisoma. Kwa sababu hiyo siku hizi kwa mtu mmoja mwenye shughuli ndogo nashauri orodha ikae kwenye kifaa kimoja tu.

Na yapo mambo ambayo nasita. Nikikwambia weka kila kitu kwako, nimekutwisha mzigo ambao kampuni ilikuwa inaubeba. Diski hufa na simu huibiwa stendi ya Msamvu mchana kweupe. Niliwahi kumhamisha mwalimu mmoja kutoka kwenye wingu nikamsifia uhuru wake, na miezi mitano baadaye mpakato wake ukaingia maji bila nakala rudufu hata moja. Kwenye wingu angekuwa na kazi zake. Lile kosa lilikuwa langu, nilimfundisha programu na sikumfundisha flashi. Tangu hapo sisakinishi mpaka tumefanya nakala na kuirejesha pamoja, mkono wake ukiwa kwenye kipanya.

Pia kengele. Simu nyingi za bei nafuu huua programu za nyuma ili kulinda betri, na kikumbusho cha saa kumi na moja alfajiri hakilii. Naiondoa Tasks kwenye udhibiti wa betri, na mara nyingi hilo latosha, ila si kwa kila simu. Kwa oda ya harusi mimi namwambia mtu aweke na saa ya kuamsha ya simu yenyewe.

Yule mama tulikaa naye kwa muda wa saa mbili. Oda tulizikusanya upya kutoka kwenye jumbe za wateja na daftari la binti yake, zikapatikana zote isipokuwa mbili. Tasks iko kwenye simu yake, folda ya nakala inaitwa ODA, na flashi nyekundu amefunga kwenye funguo za duka. Binti ndiye atakayenakili kila Jumapili jioni. Jumapili ya kwanza nimemwambia aje nayo hapa, tuifungue kwenye kompyuta yangu mtandao ukiwa umezimwa.