Kihamba si vurugu

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Old Moshi, utamsikia abiria akisema, "Hawa watu wanachanganya mazao tu, wangelima kisasa kwa mistari wangevuna zaidi." Wengi tunaamini hivyo. Hesabu yenyewe ndiyo ina kasoro: inapima zao moja, kumbe kihamba, yaani shamba la mazao mchanganyiko linalozunguka nyumba ya Mchagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinalisha nyumba nzima.

Angalia kwa karibu. Juu kuna miti kama mruka, inayotia kivuli na kudondosha majani. Chini yake migomba, kisha kahawa, ambayo aina ya arabika haichukii kivuli. Chini kabisa ni maharage na mboga; magimbi yako kando ya mfereji, na kiazi kikuu kimeukwea mti, hakidai hata kipande cha ardhi. Majani ya mgomba yanaliwa na ng'ombe zizini, samadi inarudi shinani.

Na migomba si aina moja. Mchare ni wa mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), nyingine ni za kuiva, nyingine za mbege, pombe ya ndizi. Ugonjwa wa mnyauko ukiingia hauziui zote kwa kasi moja, na mkungu haungoji msimu kama mahindi. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo duniani.

Kihamba peke yake hakitoshi, hilo ni kweli. Wachagga hulima pia mahindi huko tambarare, na ardhi inayogawanywa kwa watoto wa kiume imebaki vipande vidogo mno. Lakini tatizo hilo halitokani na kuchanganya mazao.