Je, mshahara mnono ndio unaomfanya mtu aipende kazi?

Hapa Mombasa, kuanzia bandari ya Kilindini hadi soko la Kongowea, wengi wanaamini kuwa anayenung'unika kazini ataridhika akiongezwa mshahara. Imani hiyo ina msingi: kodi ya nyumba na karo havingoji. Lakini tafiti zilizolinganisha malipo na kuridhika zimeona uhusiano upo, ila ni mdogo.

Kinachosahaulika ni hulka. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwachunguza pacha wanaofanana, jozi 34, waliolelewa katika nyumba tofauti. Walikadiria kuwa takriban asilimia 30 ya tofauti za kuridhika kazini zilihusiana na urithi. Jozi hizo ni chache, na hakuna aliyezaliwa mnung'unikaji. Sehemu kubwa inabaki kwa mambo mengine, msimamizi na kazi yenyewe yakiwemo.

Waulize makarani wawili wa ofisi moja, wenye malipo sawa. Mmoja huchangamkia pilikapilika za kaunta, mwenzake hustarehe na hesabu pembeni. Nawe andika kwa wiki mbili: saa zipi zimekuchosha, zipi zimepita bila kuzihisi?