Je, wajua kwa nini kompyuta mpya bado zina tundu la PS/2?

Tazama mgongo wa kompyuta ya mezani. Kwenye baadhi ya zinazouzwa hata leo, kando ya matundu ya USB utakuta tundu moja la duara la pini sita, nusu zambarau, nusu kijani. Hilo ni PS/2, la kibodi na kipanya, lililoletwa na IBM mwaka 1987. Mbona halijang'olewa?

Jibu lililotuteka wengi wetu ni kwamba kibodi ya PS/2 ina kasi kuliko ya USB. Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi.

Kibodi ya PS/2 ni mgeni anayepiga hodi: kitufe kikibonyezwa, prosesa hukatizwa kazi papo hapo. Ya USB haina ruhusa ya kubisha. Hukaa barazani mpaka mwenyeji afungue mlango na kuuliza, "Kuna mtu?" Ukibonyeza mara tu mlango ulipofungwa, unangoja zamu nzima, ambayo kwa kibodi za USB za kasi ya chini huwa milisekunde 8 hivi. Hadi hapo PS/2 inaongoza.

Lakini kupiga hodi si kuingia. Mlango wa PS/2 ni mwembamba, mzigo hupita biti moja moja, kwa mapigo ya kilohezi 10 hadi 16.7. Kila baiti husafiri kwa biti 11: moja ya kuanzia, nane za data, moja ya ukaguzi, moja ya kufunga. Hizo hula milisekunde 0.66 hadi 1.1. Kitufe cha mshale hutuma baiti mbili kikibonyezwa na tatu kikiachiwa. Kibodi ya USB ya kasi kamili yaweza kuulizwa kila milisekunde 1, na jibu lake likaingia kwa mkupuo. Kwa kipanya ni aibu tupu: PS/2 hukomea ripoti 200 kwa sekunde, ilhali vipanya vya michezo vya USB hutoa 1,000. Tena kibodi nyingi, za PS/2 na za USB, hupoteza muda, mara nyingi milisekunde kadhaa, zikingoja swichi ya kitufe itulie, kwa hiyo faida ya hodi humezwa humo humo.

Kilicholibakiza tundu ni cha kawaida mno. Chipu inayopima joto na mwendo wa feni kwenye ubao mama mara nyingi huja na kidhibiti cha kibodi ndani yake, hivyo kuongeza tundu ni gharama ndogo. Wanaofaidika ni ofisi zinazofunga USB kuzuia flashi, na wanaosakinisha mifumo ya zamani: Windows 7 haina draiva ya USB 3.0, kwa hiyo kwenye ubao usio na kidhibiti cha USB cha zamani, kibodi ya USB hufa kwenye skrini ya kusakinisha.

Ukilitumia, zima kompyuta kwanza. PS/2 haikuundwa kuchomekwa umeme ukiwa umewaka. Ukibahatika, kibodi haitatambuliwa mpaka uwashe upya, usipobahatika utaunguza fyuzi ya tundu au chipu yenyewe. Na kile kiunganishi kidogo cha USB kwenda PS/2 ni nyaya tu. Hufanya kazi kwa kibodi inayojua lugha zote mbili. Nyingine huhitaji kigeuzi chenye chipu yake.