Leza ya kufunga mwenyewe kwenye msumeno wa kukatia pembe

Kipande cha mninga kilichokatwa kikapungua milimita 3 hakirefuki tena, na kwenye fremu ya mlango upungufu huo huonekana kila siku. Ndiyo sababu niliamua kuufungia leza (taa ya mwali mwembamba inayoonyesha mahali bledi itakapokata) msumeno wa umeme wa kukatia pembe ulioko katika karakana yangu, Keko, Dar es Salaam, ule ambao kichwa chake huteremshwa kwa mkono juu ya ubao. Kifaa chenyewe ni kidogo: kijibomba cha chuma chenye kipenyo cha milimita 12, kinachotumia volti 5, na mbele yake pana lenzi inayoutandaza mwali ukawa mstari. Umeme wake unatoka kwenye chaja ya simu. Nyaya za mota, ambazo zinabeba volti 230, sikuzigusa.

Kosa nililofanya mwanzoni, ambalo nimeliona pia kwa mafundi wenzangu, ni kudhani kwamba leza inachora mstari. Lenzi ile hutoa pazia la mwanga, jembamba kama karatasi iliyosimama wima, na mstari tunaouona ni pale tu pazia hilo linapokutana na mbao. Nilikuwa nimekifunga kifaa kando ya kinga ya bledi, kisha nikakiinamisha hadi mstari ukaangukia mahali bledi inapokata. Kwenye ubao wa unene wa milimita 18 mkato ulitoka sawasawa. Nilipoweka boriti ya milimita 100, mstari ulikuwa umehama, kwa sababu pazia lililoinama huugusa uso ulio juu mahali tofauti na linapougusa uso ulio chini. Hata mwinamo wa nyuzi 1, kwa tofauti hiyo ya milimita 82, husogeza mstari kwa takriban milimita 1.4, na kiungo chenye mwanya wa kiasi hicho mimi sikipeleki kwa mteja.

Kwa hiyo pazia la mwanga linapaswa kuwa katika bapa moja na ubavu wa bledi. Nilikihamishia kifaa nyuma ya kinga, kwenye mkono wenyewe wa msumeno, nikakishikiza kwa kipande cha alumini chenye matundu marefu ili skrubu ziruhusu kukisogeza na kukizungusha kidogo kidogo. Kikiwa hapo, kinazunguka pamoja na bledi ninapogeuza pembe kuwa nyuzi 45. Kingefungwa ukutani, kingesema kweli kwa pembe moja tu.

Kurekebisha kunahitaji subira kuliko kazi nyingine zote. Nilibana kipande cha mabaki, nikakikata mfereji wa kina kidogo, nikachomoa plagi ya msumeno bila kukisogeza kipande, kisha nikaulaza mstari kwenye ukingo wa kushoto wa mfereji. Ninaufuata mfereji badala ya bati la bledi kwa sababu ncha ngumu za kabaidi kwenye meno ya bledi zimechomoza pande zote mbili, na upana wa mkato ni wa ncha hizo. Baada ya hapo nilirudia jaribio kwa boriti nene, na ni mstari ulipokubaliana na vipande vyote viwili ndipo nilipokaza skrubu na kuzitia gundi dhidi ya mtetemo.

Kuhusu macho sina mzaha. Leza ya chini ya miliwati 1 inatosha ndani ya banda lenye kivuli. Zile za miliwati 5 zinaweza kudhuru jicho, na bledi inayong'aa hurudisha mwali usikotarajia, hivyo usiinamishe uso usawa wa kifaa kikiwa kimewashwa. Anayefanya kazi kwenye mwanga mwingi atafaidika na rangi ya kijani, ambayo jicho huiona kwa urahisi kuliko nyekundu hata nguvu zikiwa sawa.

Kila ninapobadilisha bledi ninakata mfereji mwingine na kuukagua mstari upya, maana unene wa ncha hutofautiana, na kila asubuhi ninafuta unga wa mbao kwenye lenzi kwa kitambaa laini kabla ya ubao wa kwanza.